Barua kwa Mhariri: Weusi wa hina hauji kwa dakika 20

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa urembo wa juma lililopita ulieleza yanayowafanya watu wavutie duniani kote, ukafunga kwa kuwashauri wasichana wanaojiandaa kwa Idi wapake "hina nyeusi", eti kwa sababu rangi nyeusi hupendeza kila mahali na hukauka kwa dakika 20. Maelezo ya mwanzo yana upungufu, na ushauri wa mwisho una madhara. Naomba nafasi niyajibu yote mawili. Na kwa kuwa kukosoa ni rahisi kuliko kuonyesha njia, nitaandika pia jinsi hina ya kweli inavyotengenezwa hadi ikakolea, kwa vipimo vyake.

Ni kweli kwamba watafiti wa sura za binadamu wamekuta watu wa mataifa mbalimbali wakikubaliana kwa kiasi fulani: uso ambao upande wa kulia unalingana na wa kushoto huvutia wengi, na ngozi isiyo na vidonda wala mabaka pia. Lakini hayo mtu huzaliwa nayo. Ukiuliza watu wanaotoka harusini nani alipendeza, watakutajia kilichopakwa, kilichosukwa, kilichofukizwa na kilichovaliwa, na katika hayo walimwengu hawana sauti moja hata kidogo.

Huko Japani, kwa karne nyingi mwanamke aliyeolewa alipendeza kwa kuyapaka meno yake rangi nyeusi tii. Chuma kililowekwa katika siki kikatoa maji ya kutu, yakapakwa pamoja na unga wa vivimbe vya mti wenye tanini, na kazi ikarudiwa kila baada ya siku chache maana rangi ilifubaa. Serikali iliwakataza watu wa tabaka la juu mwaka 1870, na mke wa mfalme alipojitokeza na meno meupe mwaka 1873, wengine wakamfuata. Katika misitu ya Amazon, watu wa jamii kama Wakayapo hujichora mwili kwa maji ya tunda bichi la jenipapo, ambayo yakitoka tundani hayana rangi, kisha hugeuka meusi juu ya ngozi kwa saa kadhaa na kudumu kama wiki mbili. Myanmar wanasaga gome la thanaka kwa maji juu ya jiwe la mviringo na kutoka nje na mashavu ya manjano. Karibu nasi, wanawake wa Ngazija hujipaka usoni msandali uliosagwa, na Wamakua wa Kisiwa cha Msumbiji hutoka na uso mweupe wa musiro. Sisi tunayo liwa, unga wa mti wa kunukia. Sasa huyo mrembo wa "kila mahali" ni yupi?

Hata ndani ya hina yenyewe ladha zinatofautiana, na hapa ndipo makala yenu yalipopotea. Gujarati na Rajasthani nchini India wanataka michoro myembamba, iliyosongamana, ikipanda kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko bila kuacha nafasi, na jina la bwana harusi limefichwa humo ndani alitafute. Rangi wanayoisifu ni ya damu ya mzee, nyekundu inayokaribia kahawia, na wanasema bibi harusi ambaye hina yake imekolea atapendwa na mumewe. Nchi za Ghuba wanapenda maua makubwa yenye nafasi baina yake, ngozi ionekane. Morocco, hasa Fes, ni pembe na mistari, na rangi ya chungwa iliyokomaa haimkeri mtu. Wasomali hupaka maua mekundu, na wazee wao wa kiume hupaka ndevu zikawa za rangi ya moto. Sudan ndiko wanakotaka nyeusi hasa: ncha za vidole zilizojazwa, nyayo zilizozungushwa, na bwana harusi naye hupakwa viganja na miguu, jambo ambalo kijana wa kwetu angelikimbia.

Mila za hina ziliingizwa katika orodha ya urithi usioshikika ya UNESCO mwezi Desemba 2024, kwa ombi la nchi 16 za Kiarabu, Oman na Sudan zikiwemo. Kenya na Tanzania hazimo. Hilo tumuulize waziri, si mpakaji wa hina.

Pwani yetu imechukua kidogo huku na kidogo kule. Mtindo wa zamani ulikuwa wa kujaza: kucha na ncha za vidole zimezama kwenye hina, ukingo wa wayo umezungushwa kama kiatu, na kiganja kina duara moja katikati. Baadaye yakaja maua, hina nyekundu ikijaza ndani na piko nyeusi ikizungushia ukingo. Siku hizi, kwa picha za simu, mteja anakuja na mkono wa msichana wa Mumbai au wa Dubai kwenye kioo, na anautaka huo huo juu ya mkono wake.

Tatizo lote linaanzia hapo. Rangi ya hina haikai juu ya ngozi kama rangi ya kucha. Inaingia kwenye tabaka la juu la ngozi, lile la seli zilizokufa, na kujifunga na protini iliyomo, ile ile inayotengeneza kucha na nywele. Tabaka hilo likiwa nene, rangi hukolea. Kwenye kisigino, wayo na kiganja ni nene. Kwenye mgongo wa mkono ni jembamba, na kwenye sehemu ya ndani ya mkono juu ya kifundo ni jembamba zaidi. Kwa hiyo hina ile ile, iliyokaa saa zile zile, itatoka karibu na nyeusi kisiginoni na chungwa hafifu mkononi. Mwenye ngozi nyeupe hajali, maana chungwa hafifu juu ya ngozi nyeupe linaonekana. Mwenye ngozi ya maji ya kunde au nyeusi, mstari mwembamba wa chungwa juu ya mgongo wa mkono wake unapotea kabisa. Mteja analalamika kwamba hina haikushika. Imeshika, ila mchoro ulibuniwa kwa ajili ya ngozi nyingine.

Wapambaji wa zamani hawakujaza ncha za vidole na nyayo kwa kukosa ufundi. Waliweka rangi mahali ambapo ngozi inaipokea na macho yanaiona. Tulipoacha kujaza tukaiga michoro myembamba kama unywele juu ya mgongo wa mkono, ilitubidi tutafute rangi nyeusi zaidi, na iliyopatikana dukani kwa bei ndogo ni rangi ya nywele.

Piko, ndiyo hiyo "hina nyeusi" yenu, inayouzwa leo sehemu nyingi ni rangi ya nywele ya unga, au hina iliyochanganywa nayo. Kinachoifanya iwe nyeusi ni kemikali iitwayo parafenilendiamini, ambayo kwenye boksi huandikwa PPD au kwa jina lake refu. Kisheria Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye nywele peke yake, isizidi asilimia 2 baada ya kuchanganywa, na inakatazwa kwenye ngozi. Marekani hairuhusu hata hina ya kawaida ipakwe kwenye ngozi. Imeidhinishwa kwa nywele tu. Rangi ya nywele yenye PPD hukaa nusu saa hivi kisha huoshwa na maji mengi. Mchoraji wa piko anaikoroga nzito ili isitiririke, bila kipimo, na inakauka juu ya ngozi. Sampuli za "hina nyeusi" zilizopimwa katika maabara za nchi mbalimbali zimewahi kukutwa na zaidi ya asilimia 15.

Kuna wanaosema wamepaka miaka yote hawajaona kitu. Huenda ni kweli, na bado si hoja. PPD inapoingia kwenye ngozi inageuka na kujishikiza kwenye protini, na kinga ya mwili inaiandika kama adui. Mara ya kwanza hakuna kinachoonekana, au mwasho unakuja baada ya siku 7 hadi 14, wakati sherehe imeshasahaulika. Mara ya pili au ya tano mwili unaikumbuka, na ndani ya siku 1 hadi 3 ngozi inawasha, inakuwa nyekundu, kisha inatoa malengelenge yanayofuata ua lile lile, jani kwa jani. Yakikauka yanaacha alama: kwa ngozi nyeusi mara nyingi ni baka jeupe linalokaa miezi, na kwa wenye asili ya makovu ya kuvimba, ua linabaki limenyanyuka.

Kovu la mkononi ni dogo kuliko lifuatalo. Mzio wa PPD ni wa maisha. Binti aliyepakwa piko akiwa na miaka 12 atafika 45, ataona mvi, atanunua rangi ya nywele, na uso utavimba hadi macho yafumbe. Kijana aliyechorwa nge begani ufukweni atakuja kupaka ndevu rangi kabla ya harusi yake, naye yatamfika. Mzio huo unaweza pia kuvuka kwenye vitu vinavyofanana na PPD kwa umbo: baadhi ya dawa za ganzi za kupaka kama benzokeini, baadhi ya rangi za nguo nyeusi, na mpira mweusi. Ndiyo maana daktari wa ngozi au wa meno anapouliza kama umewahi kupaka piko ikakudhuru, hafanyi udaku. Mwambie.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1933 huko Marekani rangi ya kope iliyokuwa na kemikali ya jamii hiyo iliwapofusha wanawake, na mmoja akafa. Visa vya namna hiyo vilichangia kupatikana kwa sheria yao ya vyakula, dawa na vipodozi ya mwaka 1938. Nchini Sudan, ambako weusi unatakiwa kuliko kwingine, mwaka 1992 madaktari wa Khartoum walichapisha taarifa ya watoto waliodhuriwa na mchanganyiko wa hina na PPD. Ikimezwa ni sumu kali: shingo na koo huvimba hadi pumzi ikabanwa, misuli huharibika, kisha figo zinashindwa. Mwenye nayo nyumbani kwa ajili ya nywele aiweke mahali pa juu, na kamwe asiiache kwenye kikombe.

Tuje kwenye hina yenyewe.

Anza na unga. Majani ya mhina hukaushwa kivulini, hutwangwa au kusagwa, na huchekechwa kwa kitambaa chepesi. Unga wa michoro upite kwenye soksi ya nailoni, la sivyo koni ya kuchorea itaziba kila baada ya petali mbili. Unga mzuri una rangi ya kijani kilichofifia, unanuka majani makavu, na ukiuweka kwenye jua unageuka kahawia. Unga wa kijani kikali kama rangi ya ukuta umetiwa rangi. Unga mweusi si hina. Ununue wa mavuno mapya, uufunge usiingize hewa, uuweke kwenye jokofu. Ukiachwa wazi juani msimu mmoja umekwisha nguvu.

Kwa gramu 100 za unga, tia vijiko 2 vya mezani vya sukari, kisha maji ya ndimu yaliyochujwa, kidogo kidogo, mililita 250 hadi 300. Ndimu 10 za wastani zitatosha. Koroga iwe nzito kama viazi vilivyopondwa, funika kwa plastiki iliyolala juu ya hina yenyewe, acha kwenye joto la chumba. Kwa joto letu la pwani itakuwa tayari baada ya saa 8 hadi 12. Nairobi au Iringa wakati wa baridi ihesabie siku nzima. Utajua imeiva kwa dalili mbili: uso wa juu umegeuka kahawia wakati ndani bado ni kijani, na tone ukiliweka kiganjani dakika 5 linaacha doa la chungwa kali. Hapo ndipo unapotia mafuta, mililita 30 za mafuta safi ya lavenda au ya mti-chai, yaliyokamuliwa kwa mvuke, si manukato ya chupa. Koroga, ongeza ndimu hadi uzi wa hina uanguke kutoka kwenye kijiko bila kukatika, acha tena saa 8 au zaidi, kisha jaza koni. Utapata kama koni 15 za gramu 25.

Ndimu ina kazi yake. Asidi inaifanya rangi itoke taratibu na kudumu kwenye rojo kwa muda. Ukitumia maji matupu rangi inatoka upesi na kufa upesi. Ndimu peke yake, hata hivyo, haitoi weusi. Mafuta yenye terpini, kama hayo ya lavenda na ya mti-chai, ndiyo yanayokoleza, na hapo wengi wanakosea kwa kutumia mafuta ya karafuu kwa kuwa yapo na yananukia. Mafuta ya karafuu yana eujenoli, inayochoma ngozi. Matone machache kwenye rojo nzima yanavumilika kwa wengi, kijiko kizima kinaunguza. Petroli na mafuta ya taa, ambayo baadhi ya wachoraji bado wanayatia, hayana nafasi popote karibu na ngozi ya mtu.

Siku ya kupaka, singo (kule kumsugua bibi harusi mwili) na kutoa nywele mwilini viwe vimekwisha. Naliandika hili wazi kwa sababu ndilo kosa linaloharibu maharusi wengi wasiotumia kemikali yoyote: somo, yule mama anayemwandaa bibi harusi, anampaka hina Jumatano, halafu Alhamisi anamsugua singo. Singo inakwangua tabaka la juu la ngozi, na rangi imo humo humo. Mpangilio ni singo kwanza, siku zake zote, halafu hina iwe ya mwisho. Mikono ioshwe kwa sabuni, ikaushwe, isipakwe losheni wala mafuta ya nazi kabla ya hina.

Chora mistari minene kuliko ile ya picha ya India. Kwa ngozi nyeusi, ua lililojazwa linaonekana kwa hatua 5, la mstari mwembamba linaonekana kwa mpakaji peke yake. Maua makubwa yawekwe kiganjani, mgongo wa mkono ubebe vidole vilivyojazwa na mkanda mmoja mpana, na miguuni shughulikia nyayo na ukingo. Hina ikianza kukauka, ipitishie pamba yenye maji ya ndimu na sukari ili isipasuke na kudondoka. Wakati wa masika punguza sukari, kwenye rojo na kwenye pamba, maana unyevu wa hewa utaifanya itiririke ichafue mchoro.

Ikae saa 6 kwa uchache, 8 ni bora, usiku kucha ndiyo sahihi. Funga karatasi laini, kisha soksi. Chumba chenye kipoza hewa kinadhoofisha rangi, joto linaisaidia. Kuna wanaofukiza mikono juu ya karafuu zilizokaangwa kwenye kikaango kikavu, na inafaa, mradi mkono uwe mbali kiasi cha kuhisi joto tu. Asubuhi kwangua kwa kisu butu au ukucha, usioshe. Paka mafuta ya nazi au ya ufuta, na maji yasiguse kwa saa 12 za kwanza. Kwa bibi harusi anayetaka kutawadha, akae na hina usiku baada ya Isha na aikwangue kabla ya Alfajiri, mafuta mepesi tu, na rangi itapungua kidogo tu.

Usishtuke kuiona chungwa. Siku ya kwanza ni chungwa, ya pili inageuka kahawia nyekundu, na baada ya saa 48 ndiyo imefika. Harusi ikiwa Jumamosi, hina ipakwe Jumatano usiku. Mkesha wa Idi umechelewa. Wachoraji wanaopokea foleni ya watu 30 saa 4 za usiku wa kuamkia Idi hawana namna ya kuwapa hina ya kweli ikakolea asubuhi, na hapo ndipo boksi la rangi ya nywele linapofunguliwa. Anayetaka hina ya Idi aipake tarehe 27 ya Ramadhani.

Ikitoka hafifu, tafuta sababu katika mpangilio huu: imetolewa mapema, imeoshwa, ngozi ilikuwa na mafuta, unga umezeeka, au rojo imepita wakati wake. Rojo iliyoiva hudumu siku 3 kwenye jokofu na miezi kwenye friza, na ikitoka friza itumike siku hiyo.

Kutoka hapo ndipo mnunuzi anaweza kuzipima koni za dukani. Koni iliyokaa rafuni miezi 6 bila baridi na bado inatoa rangi haiwezi kuwa na hina, ndimu na sukari pekee. Zile nyekundu za papo hapo nyingi zina rangi za viwandani, kama sodiamu pikrameti. Koni isiyoandikwa viungo usiinunue. Mchoraji akikuambia itakolea kwa dakika 20 au ondoa kabla ya saa moja, au rangi iko nyeusi tayari wakati inatoka kwenye koni na hainuki majani, inuka ukaagane naye.   

Wanaotaka weusi hasa, mna njia chache. Hina ya nyayo na vidole iliyokaa usiku kucha mara mbili mfululizo inakaribia sana. Jeli ya jenipapo, ile ya Amazon, inatoa bluu-nyeusi kwa saa chache za kupaka na siku moja ya kusubiri; si rahisi kuipata, na nayo ina watu inaowaletea mzio. Nili inatia nywele weusi baada ya hina, kwenye ngozi haifai kitu. Kwa ukingo mweusi wa siku moja, kwa ajili ya picha, rangi ya wanja wa maji juu ya hina iliyokolea inaonekana vizuri na inaoshwa usiku.

Aliyekwisha kupaka piko na imeanza kuwasha aoshe mara moja kwa sabuni na maji mengi ya baridi, hata kama ua litaharibika. Doa halitatoka, lakini kemikali ambayo haijaingia itatoka. Asipasue malengelenge, asipake dawa ya meno, na zaidi ya yote asisugue mkorogo ili kufuta alama. Ngozi iliyojeruhiwa itanyonya kila kilichomo. Daktari ataandika krimu ya steroidi ya siku chache na dawa ya mzio, na ya bakteria ikiwa pameoza. Midomo ikivimba, au sauti ikibadilika, au pumzi ikibana, ni hospitali saa hiyo hiyo. Baadaye asipake rangi yoyote ya nywele yenye PPD, hata ile ya saluni.

Neno la watoto nimeliacha mwisho, nalo linahusu hina halisi. Watoto wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu, ambao wengi wako katika maeneo yaliyokuwa na malaria kwa muda mrefu, pwani yetu ikiwemo na Oman pia, wanaweza kuvunjika chembe nyekundu za damu wakipakwa hina, na mtoto mchanga wa wiki chache akipakwa mwili au nyayo zote ndiye aliye hatarini zaidi. Dalili ni macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai, kupauka na kulegea, ndani ya siku moja au mbili tatu. Mtoto mchanga asipakwe kabisa, hata kama bibi yake anasema alipakwa naye. Mkubwa ambaye familia yake ina historia ya kuugua baada ya kula maharage mapana (fava) au kumeza baadhi ya dawa za malaria apimwe kwanza. Kipimo kipo kwenye hospitali nyingi kubwa.

Naomba, Ndugu Mhariri, mchapishe sahihisho kwenye ukurasa ule ule wa urembo, kabla ya mwezi wa Ramadhani, na mkiweka picha ya mkono uliochorwa muandike chini yake ulipakwa nini na ulikaa saa ngapi.

Mpambaji wa maharusi,
Mji wa Kale, Mombasa